Niliacha Miwani Madhabahuni Nikaenda Kuuliza Habari za Leza

Tangu nirudi kutoka Lilongwe, kila anayepita mbele ya cherehani yangu hapa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi Malawi, huniangalia pua kwanza, ndipo anisalimu. Akikuta miwani bado imekaa pale pale, anavuta kiti: "Mama Esther, sasa ilikuwa je?" Nimesimulia mpaka sauti imenikauka, na kila nikisimulia Baba Shabani naye anapita na kutia chumvi yake. Kwa hiyo naandika mara moja, msome wote, na mimi nishone kwa amani. Habari za vibali na za kupanga siku ya kumwona daktari naziruka. Aliyewahi kuzipitia anazijua, na asiyezijua sitaki kumkatisha tamaa mapema.

Madhabahuni, kabla ya kuondoka

Kwa wasionijua: mimi ni mshonaji, kwetu Bukavu, Kongo, na tangu shule ya msingi sioni mbali. Bila miwani mtu akisimama mlangoni kwangu ni kivuli chenye sauti. Hapa kambini wananiita Mama Malineti, yaani mama wa miwani, na sijawahi kulikataa jina hilo kwa sababu ni la kweli. Lakini vitu vya karibu naviona vizuri. Nikivua miwani na kusogeza sindano hadi puani, naona tundu lake kama mlango wa kanisa. Washonaji wenzangu waliovuka miaka arobaini na kitu huniletea sindano zao niwatilie uzi, asubuhi hadi jioni, na mimi huwatilia huku tunapiga soga.

Usiku tuliokimbia Bukavu miwani yangu ilibaki mezani. Nilikimbia nimeshika pindo la kikwembe cha mama yangu, mimi mtu mzima mwenye mtoto mgongoni, nikiogopa kila mti. Hofu hiyo haijanitoka. Hata nilipopata nyingine hapa kambini, kila nikiamka jambo la kwanza lilikuwa mkono kuipapasa chini ya mto. Basi mdogo wangu aliyehamia Kanada akafanyiwa leza ya macho, akanitumia ujumbe wa sauti, akiniita Yaya, yaani dada mkubwa: "Yaya, ni dakika kidogo tu. Unaingia na malineti, unatoka bila. Nenda uulize Lilongwe, mi nitasaidia." Sikulala vizuri wiki nzima kwa furaha. Sikutaka urembo, jamani. Nilitaka siku nikiamka nione ni nani amesimama mlangoni kabla hajasema neno.

Mama Lea, kiongozi wa kikundi chetu cha maombi, ni mshonaji pia, na mashine yake inatazamana na yangu. Kwenye kikundi chetu tuna desturi: anayekwenda kutafuta uponyaji huacha alama madhabahuni, fimbo au chupa ya dawa, halafu akipona anairudia na kutoa ushuhuda. Ipo fimbo moja pale mpaka leo, mwenyewe alirudi kimya kimya akanunua nyingine.

"Mama Esther," Mama Lea akaniambia mbele ya wote, "unaenda kuponywa, na bado unabeba ugonjwa ku pua?"

"Mama Lea, mi naenda kuuliza tu."

"Imani haiulizake. Acha malineti hapa ku altare. Jumapili, siku ya Mungu, utakuja kuichukua, utaivunja mbele ya bantu, na sisi tutapiga vigelegele."

Wamama wote walishaanza kuimba. Mimi nami sikuwa na moyo wa kuwakatiza. Nikavua miwani, nikaiweka juu ya kitambaa cheupe, nikageuka kurudi kwenye benchi langu na kukaa juu ya mapaja ya mke wa mchungaji.

Kutoka kambini hadi tusikokwenda, yaani Dowa

Wa kunishika mkono alikuwa Baba Shabani, mtu wa Kindu, Kongo hiyo hiyo, Mwislamu, ambaye anauza uzi, vifungo na zipu jirani na mashine yangu. Alikuwa anakwenda Old Town, upande wa maduka wa Lilongwe, kununua mali. Aliponikuta bila miwani alinizunguka kunitazama.

"Njo nini hii?" akauliza (njo kwetu ni ndiyo). "Unaenda kwa daktari wa macho na umeacha macho kwa kanisa?"

"Ni imani, Baba Shabani."

"Sawa. Lakini imani yako njo itanishika mukono, ao mi njo nitaishika?"

Barabarani alinisimamisha mahali akasema nisisogee, anakwenda kununua mandasi. Sikusogea. Ila ilikuja minibasi, nyeupe kama minibasi nyingine zote, kondakta akapiga kelele, nikamuuliza, "Lilongwe?" Akasema ndiyo, nikapanda nikijua Baba Shabani yuko nyuma yangu. Baadaye nilifahamu kwamba kondakta hukubali mji wowote utakaoutaja, maana huko anakokwenda hakukosi gari lingine la kukufikisha. Nyuma yangu akapanda mwanaume mrefu mwenye kofia ya kufuma, kofia ya Baba Shabani kabisa, akaketi kando yangu. Nikatulia.

Njia nzima nilimsimulia mambo yangu. Nilimweleza juu ya ndoa ya binamu yangu ilivyovunjika kwa sababu ya kuku. Nilimwambia pia, na hili leo nalijutia, kwamba zipu zake za siku hizi hazifai, zinakwama. Yeye kila mara alijibu "Eee", kwa upole ambao ulinishangaza, kwa maana Baba Shabani hakubali kosa la zipu bila vita. Tuliposhuka nikamshika mkono. Akaniongoza polepole mpaka sokoni, akanikalisha kwenye benchi la mama lishe, ndipo akaniuliza, "Mayi, mukupita kuti?" Kichewa safi, yaani nakwenda wapi. Nikasogeza uso wangu karibu na wake. Alikuwa mkulima wa watu, mwenye mvi, ambaye hakuwahi kusikia neno la Kiswahili maishani mwake, na mbele yetu lilikuwa boma la Dowa, makao ya wilaya, si Lilongwe.

Nilitamani ardhi inimeze. Yeye alicheka mpaka akavua kofia, akaagiza nsima, ugali wa huku, na usipa kwa watu wawili. Wale dagaa walikuwa wamekaangwa na nyanya nyingi, na nsima ilikuwa laini, nyeupe, ingawa mimi bado ulimi wangu hudai bugali wa mihogo. Tulikula kwa ishara na vicheko. Tulipomaliza, simu ikalia.

"Uko wapi?" Ni Baba Shabani, sauti yake imepanda.

"Niko Dowa, nakula na wewe."

Alikuja na kabaza ya pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Alimtazama mkulima, akaitazama ile kofia, akanigeukia. "Mama Esther, huyu njo unamuona anafanana na miye?" Kisha akakaa, akala nsima iliyobaki. Mkulima akaagana nasi kwa zikomo nyingi, asante za kwao, na kwenda zake, akiwa amebeba siri zote za ukoo wetu.

Old Town, kwenye baraza ya fundi

Kwa sababu ya Dowa tuliingia Lilongwe saa ambayo daktari alishafunga. Miadi ikasogezwa hadi asubuhi. Baba Shabani akasema basi tumalize kwanza mambo ya duka, na kuanzia hapo alinishika kiganja cha mkono kama anayeogopa kuibiwa begi.

Wenye maduka wa Old Town huwaacha mafundi cherehani wakae barazani, mteja anunue kitambaa ndani na kushonewa nje. Baba Shabani alinikalisha hapo kando ya fundi mzee na kuingia kupatana bei. Kwanza nilimsalimu dada mmoja aliyesimama mlangoni amevaa gauni. Hakuitika. Nikamsalimu tena, kwa heshima zaidi. Niliposogea nimuulize kama nimemkosea nini, nikakuta ni sanamu ya kuonyeshea nguo, na pindo la gauni lake limeshonwa ovyo, mshono umeruka mara nyingi.

Yule fundi mzee hakucheka. Alikuwa na shughuli: anakaza macho, analamba uzi, anausogeza, sindano inamkwepa. Mikono yangu ilitangulia kabla sijafikiri. Nilimchukulia sindano na uzi, nikasogeza puani, nikapitisha mara moja, nikamrudishia. Alishika ile sindano akaigeuzageuza.

"Muli ndi maso abwino, mayi," akasema.

Baba Shabani alikuwa amesimama nyuma yetu na furushi la zipu. "Anasema uko na macho muzuri," akanitafsiria. Akaliweka furushi chini. "Njo haya macho tunapeleka kesho wayachome?"

Nilimwambia abebe zipu zake twende.

Biwi, kwa Yaya Mwajuma

Tulilala Biwi, mtaa wa Lilongwe, kwa dada mkubwa wa Baba Shabani, Yaya Mwajuma, anayeuza kaunjika, zile nguo za mitumba. Alitupikia sombe, kisamvu cha kwetu, yenye mawese, wali na maharage. Nilikula bila aibu, kwa sababu hapa Malawi sombe ya namna hiyo ni vigumu kuipata, na kwa sababu nilikuwa naogopa kesho.

Yaya Mwajuma hakuwahi kumwona mtu aliyefanyiwa leza, lakini hilo halikumzuia kuwa mtaalamu. "Banatoshaka jicho," akasema, yaani wanalitoa, huku akiniongezea mboga. "Banaliweka mu sahani, banalipanguza na dawa, halafu banarudisha."

"Yaya, na ukipiga chafya?" akauliza Baba Shabani.

"Njo pale banapofungiaka mutu mikono."

Kijiko changu kilisimama njiani. Baba Shabani alicheka mpaka akapaliwa na wali, na dada yake akampiga mgongoni kwa nguvu kupita ilivyohitajika.

Kwenye kiti cha daktari

Daktari alikuwa mwanamke wa Kimalawi, mdogo kwangu, na aliposikia tunaongea alitugeukia: "Shikamoo mama." Kumbe alisomea Tanzania. Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Sisi wa Bukavu shikamoo si salamu yetu, nilikumbuka kwa shida kwamba naitikia marahaba. Baba Shabani alivuta shati lake na kukaa wima, na tangu hapo alijaribu kusema "ndiyo" badala ya "njo".

Akauliza miwani yangu iko wapi. Nikamwambia iko madhabahuni. Aliandika kitu, sijui aliandika nini.

Nilimuuliza kama ni kweli jicho linatolewa na kuwekwa kwenye sahani. Hapana, akasema, jicho halitoki mahali pake, na linatiwa dawa ya ganzi ya matone. Leza hufanya kazi kwenye kioo cha mbele cha jicho, ambacho kinaitwa konea: inakipunguza na kukichonga ili mwanga utue pale unapotakiwa. Akasema njia ni zaidi ya moja.

"Njia ya kwanza, tunakata utando mwembamba juu ya hicho kioo, tunaufunua kama kifuniko cha mfuko wa shati. Leza inachonga chini yake, halafu tunaurudisha."

"Munaushona na nini?"

"Hatuushoni, mama. Unajishika wenyewe."

Miaka yote niliyoshona sijaona kitu kilichokatwa kikajishika chenyewe, na nadhani uso wangu ulimwambia hivyo. Akaendelea. Njia ya pili haina kifuniko: ngozi ya juu kabisa ya kioo inakwanguliwa, leza inapita, ngozi inaota upya. Inauma siku kadhaa na kuona vizuri kunachelewa, ila huwafaa wengine wenye kioo chembamba. Njia ya tatu leza inakata kipande ndani kwa ndani, kisha kipande hicho kinavutwa kupitia tundu dogo pembeni. Hiyo niliielewa upesi. Ndivyo tunavyogeuza koti lenye bitana, unaacha nafasi ndogo na kuvuta yote hapo. Ya nne si leza kabisa: ni kutia lenzi ndogo ndani ya jicho, kwa wale ambao namba yao ni kubwa mno na kioo hakitoshi kupunguzwa. Zote zina mambo yake, macho kukauka, taa za usiku kuzungukwa na duara la mwanga, na mara chache madhara makubwa zaidi. Na hapo kwake hakukuwa na mashine ya leza. Wao hupima na kushauri, na anayefaa humwandikia kwenda nje ya nchi.

Akanipima. Kidevu hapa, paji la uso pale, usipepese. Mwishowe akasema, "Kioo chako ni kinene vya kutosha na kina afya. Leza inakufaa."

"Alhamdulillahi," akasema Baba Shabani kwa sauti. Mimi machozi yalinijaa. Nilishaona mlango wangu asubuhi na mtu amesimama pale.

"Unafanya kazi gani, mama? Na una umri gani?"

Nilimwambia nashona, na kwamba arobaini na kitu nimeivuka mimi pia. Akaweka kalamu chini. Alinivika fremu nzito ya chuma, akachomeka vioo kimoja kimoja, akaniambia nitazame dirishani. Ng'ambo ya barabara palikuwa na mwanamke anaanika nguo. Niliona vibanio vya nguo. Niliona kimoja ni chekundu, na kwamba yule mwanamke alikuwa anaimba. Miwani yangu ya zamani haijawahi kunionyesha hivyo, na nikamwambia daktari hata akiniacha nikae pale nitazame kutwa nzima nitamshukuru.

"Hivyo ndivyo leza itakavyokupa," akasema. "Sasa, una sindano?"

Mshonaji hakosi sindano kwenye ukosi wa nguo yake. Nikaichomoa, nikavuta uzi, nikasogeza puani kama kawaida. Hapakuwa na tundu. Nikarudisha nyuma, nikasogeza mbele. Sindano ilikuwa imegeuka kivuli, na uzi ulipita kushoto, ukapita kulia. Nikalamba uzi. Nilipojiona nalamba uzi nikamkumbuka yule mzee wa barazani.

"Mashine yako imeharibika," nikamwambia.

"Haijaharibika. Wenzako wa umri wako wote wanaona hivi. Jicho likizeeka linashindwa kujikaza kwa vitu vya karibu. Wewe hujajua uzee huo kwa sababu unavua miwani, na jicho lako lenyewe ni la karibu tangu mwanzo. Mdogo wako bado ni kijana, kwake ni sawa. Miwani inavuliwa, mama. Leza haivuliwi."

Akasema baada ya leza ningeweza kushona kwa miwani ya kusomea, wengi hufanya hivyo. Akasema pia wapo wanaochonga jicho moja kwa mbali na kuliacha lingine kwa karibu, akanijaribishia. Nilihisi nina mguu mmoja ngazini na mwingine chini. "Uamuzi ni wako," akasema. "Sikukatazi."

Niliichomeka sindano ukosini. Halafu nikamuuliza lile ambalo sikuwa nimemwambia mtu. "Na kama siku moja kuna kukimbia tena, usiku?"

Aliyejibu ni Baba Shabani, akasahau Kiswahili chake cha pasi. "Mama Esther, mi nilikimbiaka Kindu bila viatu. Sikuendaka kwa daktari kupasulisha miguu. Nilinunuaka viatu."

"Uwe na miwani mbili," daktari akasema polepole. "Moja ikae mwilini mwako, hata ukilala."

Nikavua ile fremu. Yule mwanamke wa ng'ambo akayeyuka na nguo zake na kibanio chekundu. Iliniuma, sitadanganya. Kisha nikashika sindano, nikaileta puani, uzi ukapita. Nikaagiza miwani, ya namba mpya.

Kurudi, na Jumapili yake

Njiani Baba Shabani alinikalisha dirishani, yeye akakaa kando yangu na kunigusisha kofia yake mara kwa mara nihakikishe. Mimi nilikuwa nafikiria Jumapili. Kurudi na macho yale yale si kazi, kazi ni kumwambia Mama Lea.

Kanisa lilijaa. Nilipanda mbele nikipapasa, na kabla sijafika wamama walishaanza vigelegele. Nikaokota miwani juu ya kitambaa cheupe. Kila mtu alingoja niivunje. Nikaivaa. Vigelegele vilikatika kama umeme, na ndipo nikaona nyuso zao, na hazikuwa nyuso za furaha.

"Ushuhuda yangu ni fupi," nikasema. "Daktari amenionyesha vile nitaona nikipona. Niliona nguo za watu mbali kabisa. Lakini sindano sikuiona. Nani hapa iko na sindano na uzi?" Sindano zikaja, kanisani kwetu hazikosi. Nikavua miwani, nikatia uzi mara ya kwanza mbele ya wote, nikainua juu. "Mi nilikuwa naomba Mungu aondoshe hii jicho ya karibu. Kumbe njo ilikuwa inanilisha."

Mchungaji alisema amina. Wengine walifuata, kila mmoja kwa wakati wake. Mama Lea alikuwa ameinamisha kichwa, nikajua nimemwaibisha.

Jioni hiyo nilishona kifuko kidogo cha kitenge chenye kamba. Miwani mpya imeshaletwa na Baba Shabani, basi ile ya zamani inalala humo, shingoni kwangu. Asubuhi mkono haupapasi tena chini ya mto, unakwenda kifuani na kuikuta.

Jumatatu, kabla sijafunua mashine, kivuli kilisimama mbele yangu. Nikavaa miwani. Alikuwa Mama Lea, ameshika sindano mkono mmoja na uzi mkono mwingine, na nyuma yake, juu ya mashine yake, gauni la arusi lisilo na mikono bado.

"Tangu ulienda sijashona," akasema.

"Mama Lea, si we njo ulisema niende niponywe? Si uliomba?"

Alitazama huku na huku kama kuna wa kikundi wanaosikia, akaninyooshea ile sindano.

"Niliomba, ndiyo. Lakini sikuombaka na nguvu."